Kelele za usiku huingilia wapi? Jibu kwa mwalimu wa Kirumba

Msomaji mmoja, mwalimu wa shule ya msingi anayeishi Kirumba, Mwanza, ameandika hivi: "Nimepanga vyumba viwili mlimani, juu ya barabara inayoteremka kuelekea soko la samaki la Mwaloni. Chumba ninacholala na mwanangu wa miaka minne kinatazama barabara. Cha pili, kilicho upande wa mlima, ndicho sebule na humo ndimo ninamopikia. Chini yetu kuna baa inayopiga muziki hadi saa nane usiku, na ninapoanza tu kushikwa na usingizi, saa kumi alfajiri bodaboda na magari ya samaki yanaanza. Jirani tunayetenganishwa na ukuta mmoja namsikia hata akikohoa. Nimeshauriwa nibandike trei za mayai ukutani na ninunue pazia zito. Dirisha siwezi kulifunga kwa sababu ya joto, na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kubomoa. Nifanye nini ili tulale?"

Mwalimu, pole sana kwa mikesha usiyoitaka. Trei za mayai usinunue, na fedha ya pazia zito iweke kwanza. Kabla ya kugusa ukuta wowote, hamishieni vitanda chumba cha upande wa mlima, na sebule pamoja na jiko uvilete upande wa barabara. Kisha ziba mianya ya mlango unaotenganisha vyumba hivyo viwili. Kisha shughulikia dari, kwa kuwa ninavyoisoma barua yako, sauti ya jirani haipenyi ukutani bali inauruka ukuta kwa juu. Muziki wa baa ni suala la peke yake, na dawa yake iko kule kwenye spika, si chumbani mwako. Sababu za mpangilio huu nitazieleza kwa kirefu, kwa kuwa nyumba nyingi za milimani hapa Mwanza, kuanzia Igogo na Mabatini hadi Kitangiri na Bwiru, zimejengwa kwa namna inayofanana na yako, na wengi hutumia fedha mahali ambapo kelele hazipiti.

Tuanze na kinachotokea mwilini. Mtu anapolala, masikio yake yanaendelea kusikia na ubongo unaendelea kuchuja kila sauti inayoingia, ndiyo maana mzazi aliyelala fofofo huamshwa na kilio cha mwanawe. Sauti isipomwamsha kabisa, bado inaweza kumtoa kwenye usingizi mzito na kumpeleka kwenye usingizi mwepesi, huku mapigo ya moyo yakipanda kwa muda mfupi, naye asubuhi asikumbuke lolote isipokuwa kwamba ameamka amechoka. Utasikia watu wakisema wamekwisha kuzoea kelele. Wamezoea kwa kiasi, kwa maana kwamba hawaamki mara nyingi kama siku za mwanzo, lakini vipimo vya moyo vinaonyesha kwamba mwili unaendelea kushtuka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza kwamba ndani ya chumba cha kulala wastani wa kelele za usiku usizidi desibeli 30 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ambazo ni karibu na mnong'ono, na sauti moja moja isizidi desibeli 45. Mwongozo wake wa mwaka 2009, ulioandaliwa kwa ajili ya Ulaya, ukaweka desibeli 40 nje ya nyumba kuwa wastani wa usiku unaofaa. Kila zinapoongezeka desibeli 10, sikio husikia kana kwamba sauti imekuwa kubwa maradufu.

Zingatia kwamba mwongozo wa 1999 unataja vitu viwili, wastani na sauti moja moja, na kwa mtu wa Kirumba hicho cha pili ndicho kinachouma zaidi. Pikipiki iliyotobolewa eksozi, ikipita mara moja saa kumi alfajiri katika mtaa uliokwisha kutulia, haiongezi kitu kikubwa katika wastani wa usiku mzima, ila inakurusha kitandani. Kinachoamsha ni ule mruko kutoka kwenye utulivu hadi kwenye kishindo. Kwa hiyo kazi yetu ina sehemu mbili: kukishusha kishindo, na pale kisiposhuka, kuupandisha kidogo utulivu wenyewe kwa sauti laini isiyobadilika, ili mruko uwe mdogo. Na alfajiri mruko huo unauma zaidi, kwa kuwa usingizi mzito hupatikana zaidi katika saa za mwanzo, na kadiri kunavyokaribia kucha usingizi unakuwa mwepesi na wenye ndoto nyingi.

Sasa nyumba ya mlimani ina mambo yake. Mtu anayeishi tambarare anaweza kujenga uzio wa tofali na akapata nafuu, kwa sababu uzio unaokata mstari ulionyooka kati ya dirisha na chanzo cha kelele huanza kupunguza takriban desibeli 5, na hupunguza zaidi kadiri unavyoinuka. Wewe unaitazama baa kutoka juu, na uzio wa kuificha ungelazimika kufika usawa wa paa lako. Ua wa miti au michongoma nao haukusaidii, kwani majani machache hayazuii sauti. Huzuia macho tu, na mtu asiyeiona barabara hujiona amepumzika nayo kidogo. Umbali pia hautoshi. Kwa chanzo kimoja kama spika, sauti hushuka desibeli 6 kila umbali unapozidi maradufu, yaani kutoka mita 20 hadi 40, halafu kutoka 40 hadi 80. Kusogeza kitanda hatua tano nyuma ndani ya chumba kilekile hakubadilishi kitu cha maana.

Usiku wenyewe unaiongezea sauti mwendo. Jua likishazama, ardhi hupoa haraka na hewa iliyo karibu nayo inakuwa ya baridi kuliko ile ya juu, na katika hali hiyo sauti ambayo mchana ingepotelea angani hupinda na kurudi chini. Ongeza kwamba magari yamepungua na soko limefungwa, na utaelewa kwa nini honi ya meli bandarini, ambayo saa sita mchana hukuisikia, usiku inafika hadi kitandani. Halafu kuna mawe yetu. Jiwe kubwa la matale lililo nyuma ya nyumba halinyonyi sauti hata kidogo. Linairudisha kama lilivyoipokea, na mara nyingine nyumba iliyojificha nyuma ya nyingine hupata kelele zake kwa kupitia jiwe.

Ndiyo maana, pamoja na kwamba nimekuambia uhamishe vitanda, nakuomba kwanza usiku mmoja wa Ijumaa au Jumamosi ukae dakika chache katika kila chumba, taa zikiwa zimezimwa, mara moja baa ikiwa imechangamka na mara moja alfajiri. Programu za simu za kupima kelele si sahihi kiasi cha kupelekwa mahakamani, lakini ukitumia simu ileile katika vyumba vyote viwili, tofauti utakayoiona ni ya kutegemewa. Kwa kawaida chumba ambacho nyumba yenyewe imekikinga na barabara huwa na desibeli 10 au zaidi chini ya kile kinachoitazama, yaani nusu ya kelele au pungufu, bila kutumia hata shilingi moja. Ikiwa kwako tofauti ni ndogo mno, toka nyuma ya nyumba ukatazame kama kuna jiwe linaloelekea barabarani.

Kuna faida nyingine ya chumba hicho ambayo wakazi wa ufukweni wanaijua kwa ngozi zao. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku unageuka na kuteremka kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Dirisha la upande wa mlima ndilo linalopokea upepo huo wa usiku, kwa hiyo ndilo unaloweza kuliacha wazi, likiwa na wavu wa mbu, na chandarua kikiwa kimefungwa vilevile, wakati upande wa barabara umefungwa. Tatizo la joto ulilolitaja linapungua sana likitazamwa namna hii: hewa iingie upande mmoja, kelele zikatiwe njia upande mwingine.

Baada ya kuhama, chumba cha mbele kinakuwa kinga kati yenu na barabara, na kinachobaki ni mlango wa katikati. Fanya jaribio hili: giza likiingia, washa taa ya sebule, ingia chumbani, funga mlango, zima taa ya chumbani, kisha utazame mwanga unapopita. Utauona chini ya mlango, kwenye upande wa bawaba, kwenye tundu la ufunguo, na hasa kwenye kile kidirisha cha hewa kilicho juu ya fremu. Popote mwanga unapopita, sauti inapita kwa wepesi zaidi. Watu hutazama unene wa ukuta na kusahau tundu, nao ukuta ni kama ndoo, haijalishi uimara wake ikiwa imetoboka. Chukua ukuta wa mita 3 kwa 3 uliojengwa kwa tofali na kupigwa plasta pande zote, ambao peke yake ungepunguza takriban desibeli 45. Uache tundu la sentimita 30 kwa 30 tu, ambalo ni asilimia 1 ya ukuta huo, na uwezo wake unaporomoka hadi kama desibeli 20. Kwa sababu hiyohiyo, mwanya wa sentimita 1 chini ya mlango unatosha kuufanya mlango wa mbao ngumu uwe hauna tofauti kubwa na mlango mwepesi.

Kuziba mianya hiyo hakuhitaji ruhusa ya mwenye nyumba. Utepe wa mpira au wa sponji wenye gundi, unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, ubandikwe kwenye fremu pale mlango unapogusa unapofungwa; ukiufunga mlango na ukahisi unalazimika kuusukuma kidogo, umepatia. Chini ya mlango weka mpira mpana uliopigiliwa kwenye ubao wa mlango mpaka uguse sakafu, au, kama hutaki kupigilia misumari, shona mfuko mrefu wa kitenge, ujaze mchanga mkavu, uulaze pale kila usiku. Kidirisha cha juu kizibe kwa kipande cha plaiwudi ya milimita 18 na silikoni pembezoni, si kwa kadibodi, kwa sababu kinachozuia sauti ni uzito. Kila uzito wa kizuizi unapokuwa maradufu, unaongeza kama desibeli 5 au 6.

Hapa lazima niweke onyo, na nalisema kwa uzito wote. Chumba mtakachopikia sasa ni cha mbele. Ikiwa unatumia jiko la mkaa, matundu ya hewa na dirisha la chumba hicho visizibwe, na jiko lenye makaa litolewe nje kabla ya kulala hata kama yanaonekana yamekufa. Moshi wa mkaa una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu waliolala. Ndiyo sababu nimekwambia uzibe mlango wa katikati badala ya kuta za mbele. Hata kwa anayepikia gesi, chumba kinahitaji mahali pa kutolea hewa. Na kule mnakolala, dirisha la mlima liwe na upenyo wakati wote.

Inawezekana chumba cha nyuma ni kidogo mno kwa vitanda viwili, au mvua inakivujia, na hamwezi kuhama. Basi fundi seremala akutengenezee kifuniko cha dirisha la barabarani: ubao wa plaiwudi wa milimita 18 uliokatwa uingie ndani ya fremu, pembezoni ukiwa umezungushiwa sponji ya godoro, wenye vishikio viwili, unaochomekwa saa ya kulala na kuchomolewa asubuhi. Kwa dirisha la vioo vya luva, ambavyo haviwezi kufungika barabara hata vikiwa vipya, kifuniko hiki ndicho kinacholeta tofauti kubwa kuliko kitu chochote kingine cha bei hiyo. Dirisha la aluminiamu la kuteleza linahitaji zaidi kukaguliwa ile brashi nyembamba iliyo kwenye reli zake. Ikishachakaa, fundi aluminiamu anaibadilisha kwa muda mfupi. Kifuniko kisipigiliwe misumari. Katika dharura ya moto mtataka kukitoa kwa mkono mmoja.

Nije kwa jirani. Katika nyumba nyingi za kupangisha, ukuta unaotenganisha vyumba huinuliwa mpaka usawa wa dari na kuishia hapo; juu yake kuna uwazi mmoja mrefu chini ya mabati, unaotoka chumba cha kwanza hadi cha mwisho. Jirani anakohoa, sauti inapenya dari yake nyepesi, inatembea juu ya ukuta, na inateremka kwenye dari yako. Ili kuhakikisha, bandika sikio ukutani jirani anapozungumza, kisha panda kwenye stuli usogeze sikio karibu na dari. Ukisikia maneno vizuri zaidi juu kuliko ukutani, tatizo ni dari. Mara chache tatizo huwa ni soketi mbili za umeme zilizopachikwa mgongo kwa mgongo kwenye tundu moja la ukuta, na hilo ni kazi ya fundi umeme, usilichokonoe mwenyewe.

Tiba kamili ni kuuinua ukuta huo hadi kwenye bati na kuziba kwa udongo wa saruji kila mahali mbao za paa zinapopita. Tofali zinazohitajika ni chache, hakuna kinachobomolewa, na mwenye nyumba mwenye akili atakubali, kwa kuwa ukuta huo pia unazuia moto na mwizi kutoka chumba kimoja kwenda kingine kwa kupitia darini. Hoja ya mwizi, kwa jinsi ninavyowafahamu wenye nyumba, ina nguvu kuliko hoja ya usingizi wako. Akikataa, unaweza kuongeza tabaka la pili la jipsamu chini ya dari iliyopo, baada ya fundi kuthibitisha kwamba fremu inabeba uzito huo, na kulaza juu yake sufi ya kioo au ya mwamba, yaani nyuzi laini zilizotengenezwa kwa kioo au kwa mawe. Usilaze vipande vya godoro darini. Vinashika moto upesi na moshi wake ni sumu.

Dari hiyohiyo itakusaidia mvua inapokuja. Ngurumo za ziwani hupendelea usiku na alfajiri, na matone yakipiga bati tupu hata mazungumzo ya kawaida hayasikiki; dari nzito yenye sufi juu yake inapunguza sana kishindo hicho. Kama wakati wa usiku mkavu unasikia bati likilia "ta! ta!", hilo ni bati linalopoa na kujikunja. Misumari iliyolegea ibadilishwe kwa skrubu zenye wosha za mpira.

Trei za mayai zimeenea kwa sababu zinafanana na sponji zinazoonekana kwenye kuta za studio. Sponji hizo hazipo pale kuzuia sauti isitoke. Zipo kupunguza mwangwi ndani ya chumba ili sauti irekodiwe vizuri. Trei ni karatasi nyepesi, haina uzito wa kuzuia chochote, na ukiibandika ukuta mzima umejiwekea nyumba ya mende na kuni kavu kando ya kitanda. Pazia zito lina kazi yake, kwani linatuliza mwangwi na kuzuia taa ya barabarani, na giza ni zuri kwa usingizi, lakini kwa muziki wa baa halina msaada. Kabati lililojaa nguo, likisimamishwa kwenye ukuta wa jirani, ni bora kuliko pazia, japo nalo si dawa.

Besi ndiyo yenye kiburi kuliko zote. Mlio wa herzi 50, yaani ule mdundo unaousikia kifuani kabla ya masikioni, una mawimbi yenye urefu wa karibu mita 7, na mawimbi ya ukubwa huo hayasumbuliwi na pazia, wala uzio, wala plaiwudi; hata ukuta mzuri wa tofali huuzuia mdundo vibaya kuliko unavyozuia sauti ya mwimbaji. Ndiyo maana ukifunga kila kitu unaacha kusikia maneno ya wimbo na kubaki na ngoma peke yake, jambo ambalo baadhi ya watu huliona ni baya zaidi. Besi inapunguzwa pale inapotoka.

Nenda mchana, usiende saa saba usiku ukiwa umevaa khanga na hasira. Nenda na jirani mmoja au wawili, na ikiwezekana mwenyekiti wa mtaa au balozi ajue kwamba mnakwenda. Usiombe muziki uzimwe, kwa sababu mwenye baa atasikia kwamba unataka afunge biashara. Omba mambo anayoweza kuyafanya jioni hiyohiyo: spika zigeuzwe zitazame ndani na kuelekea ukuta wa nyuma badala ya mlima, zile kubwa za besi ziondolewe kwenye kona na ziwekwe juu ya mpira, kwa sababu kona na sakafu huziongezea mdundo, na ikifika saa nne usiku kitufe cha besi kishushwe hata kama sauti nyingine zinabaki palepale. Mteja aliyekaa mita tatu kutoka kwenye spika hatagundua sana. Ninyi mlioko mlimani mtagundua usiku wa kwanza. Ushauri huo unafaa pia kwa kanisa au msikiti wenye vipaza sauti, ila huko zungumza na kiongozi kupitia muumini wake mnayeheshimiana naye, na zungumzia mwelekeo na ukubwa wa vipaza sauti tu, si ibada.

Mazungumzo yakishindikana, sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaipa serikali mamlaka ya kuweka viwango vya kelele, na kanuni za mwaka 2015 zinatenganisha viwango vya mchana na vya usiku kulingana na aina ya eneo, vya makazi vikiwa vikali kuliko vya biashara. Anzia kwa mtendaji wa mtaa na wa kata kwa barua, kisha afisa mazingira wa Manispaa ya Ilemela, ambako Kirumba iko, na baada ya hapo NEMC, baraza la taifa la usimamizi wa mazingira. Malalamiko ya mdomo hufa njiani. Yanayosikilizwa ni yale yenye daftari linaloonyesha tarehe, saa ya kuanza, saa ya kuisha na aina ya kelele, yakiwa na sahihi za kaya kadhaa. Mwalimu hahitaji kufundishwa kuweka daftari la mahudhurio.

Kelele za alfajiri za Mwaloni ni habari nyingine, kwa kuwa soko la samaki halifungwi ili mtu alale, na wala sidhani ungetaka lifungwe. Zina kalenda yake lakini. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kubwa wavuvi wake hupumzika. Ukiandika hali ya mwezi katika daftari lako huenda ukaona wiki zenye magari mengi na wiki tulivu, na ukapanga kulala mapema zaidi katika zile za giza. Kwa alfajiri hizo ndipo sauti ya kufunika inapofaa. Feni ya mezani au pangaboi, ikizunguka mfululizo kwa mwendo uleule, inaujaza chumba sauti laini ambayo bodaboda inalazimika kuizidi kabla ya kukushtua, na wakati huohuo inawapoza. Feni inayogongagonga haifai, maana mlio unaokuja na kukatika ndio hasa tunaoukimbia; kaza skrubu, safisha vumbi kwenye mapanga, tia tone la mafuta kwenye ekseli. Simu inayopiga sauti ya mvua inaweza kushika nafasi ya feni, ila isiwe karibu na kichwa cha mtoto na isizidi sauti ya mazungumzo ya chini. Kuifanya kubwa ili ishindane na baa ni kuongeza kelele juu ya kelele.

Vizibo vya masikio vya sponji ni vya mtu mzima peke yake, na mtoto wako asivae. Ukivitumia, osha mikono, viringisha kizibo kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kiingize, kisha ukishikilie mpaka kitanuke. Kisipoingia hivyo kinapunguza kidogo mno, na wengi wanaosema havifai hawakuvivaa sawasawa. Kwa kuwa unalala na mtoto, vaa kimoja, katika sikio linaloelekea juu unapolalia ubavu, nawe utaendelea kumsikia kwa lile jingine anapolia. Pamba haizuii sauti ya maana. Mwenye sikio linalotoa usaha au linalouma asiweke kitu chochote humo, aende hospitali.

Ukishahama, sikiliza pia nyumba yako mwenyewe. Friji inayounguruma huwa haijakaa sawa, na kuizungusha miguu yake ya mbele mpaka itulie, pamoja na kuitenga na ukuta kwa upana wa kiganja, mara nyingi kunatosha. Kama maji ya mgawo hufika usiku na kuanguka kwenye tenki kwa kishindo, fundi bomba aelekeze mdomo wa bomba kwenye ukuta wa tenki ili maji yateremke badala ya kudondoka. Usirefushe bomba likazama ndani ya maji, kwani presha ikikatika linaweza kuyanyonya maji ya tenki na kuyarudisha kwenye mabomba. Jogoo wa jirani awekewe banda lenye giza, na atachelewa kidogo.

Ikitokea kwamba hata katika usiku tulivu, tuseme ukiwa likizo kijijini, hulali au unaamka umechoka, au mtu amekuambia unakoroma na kukatika pumzi, hilo si la mafundi wala la mtendaji wa kata. Kukosa usingizi siku tatu au zaidi kwa wiki kwa muda wa miezi mitatu kunatosha kumwona daktari.

Mkataba wako wa pango ukikaribia kuisha, na ukaamua kuhama, usikubali kuonyeshwa nyumba mchana tu. Mwambie dalali akupeleke Jumamosi saa nne usiku, na wewe urudi peke yako alfajiri moja ya katikati ya wiki. Ingia chumbani, funga mlango, tazama juu uone ukuta wa jirani umeishia wapi, na uulize dirisha la chumba cha kulala linatazama nini kabla ya kuuliza kodi ni kiasi gani.